JIKO LA GESI KUTOKA NG'AMBO: MAMBO YA KUJUA KABLA YA KULIUNGA NA MTUNGI WA HAPA

(Mazungumzo ya fundi wa majiko kutoka Makebuko, Gitega, kwa wakazi wa kambi upande wa Muyinga. Tumeyachapa ili hata wale ambao hawakuhudhuria wapate kuyasoma. Tafadhali msomee jirani asiyejua kusoma.)

Mimi ni fundi wa majiko. Kwetu ni Makebuko, lakini kazi inanizungusha kati ya Gitega na Muyinga. Nimeombwa nizungumze juu ya majiko ya gesi yanayotoka nchi nyingine.

Najua wengi wenu mnapika kwa kuni, makaa au briketi. Pengine mtu anajiuliza: gesi inanihusu nini? Inakuhusu kwa sababu majiko haya yanafika, na yanafika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni safari za watu wenyewe. Katika kambi ya Mahama nchini Rwanda, HCR iligawa gesi kwa wakimbizi ili kupunguza ukataji wa miti. Warundi walianza kurudi kutoka Mahama kwa misafara mwezi wa 8 mwaka 2020. Kambini Nyarugusu, Tanzania, gesi ilijaribiwa pia kwa baadhi ya familia. Mtu aliyezoea gesi hapendi kuliacha jiko lake nyuma.

Njia ya pili ni ndugu walio mbali. Familia nyingi za Kikongo zimepelekwa kuishi Marekani, Kanada na Ulaya. Ndugu akipata nafasi kwenye kontena, anatuma nguo, baiskeli, na siku nyingine jiko la gesi au lile jiko kubwa la kuchomea nyama lenye mfuniko. Mwenye kulipokea anafurahi. Anaona tayari burusheti zinauzwa na watoto wanalipiwa shule. Halafu anakwenda kununua mtungi, na mdomo wa mtungi hauingiani na mpira wa jiko.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Atatokea mtu wa kusema: "Nipe pesa kidogo, nitaunga." Ataunga kwa waya, kwa mpira wa baiskeli, kwa nailoni iliyoyeyushwa. Siku ya kwanza jiko litawaka. Lakini nyumba zetu zinakaribiana, nyingine zina turubai na nyasi, na moto wa nyumba moja hauishii kwenye nyumba hiyo.

Neno langu la leo ni moja, na mengine yote yanatoka humo: USILAZIMISHE KIUNGO. Kiungo kikikataa kuingia, kinakuonya. Jiko na mtungi vinaweza kupatana, lakini lazima vipatane katika mambo matatu: aina ya gesi, presha, na kiungo chenyewe. Watu huangalia kiungo peke yake kwa sababu ndicho kinachoonekana. Mimi nataka tukiangalie mwisho.

JAMBO LA KWANZA: AINA YA GESI

Gesi ya mtungi ni propani, au butani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Ndani ya mtungi imekuwa maji kwa sababu imebanwa. Ukifungua, inageuka kuwa hewa na kutoka.

Lakini mijini Marekani na Ulaya nyumba nyingi hazitumii mtungi. Gesi inakuja kwa bomba chini ya ardhi kama maji ya mferejini. Hiyo ni gesi asilia, na ni gesi nyingine kabisa. Kwa ujazo uleule, gesi ya mtungi ina nguvu zaidi ya mara mbili kuliko gesi asilia. Kwa hiyo jiko la gesi asilia limetobolewa matundu makubwa zaidi mahali gesi inapopita. Tundu hilo mafundi tunaliita jeti. Ukiliunga jiko hilo na mtungi, gesi itapita kupita kiasi. Utaona moto mrefu wa manjano, masizi meusi kwenye sufuria, na hewa ya sumu isiyo na harufu.

Utajuaje? Tafuta kibati kilichobandikwa nyuma ya jiko, chini yake, au ndani ya mlango. Jiko la Marekani likiandikwa herufi NG, ni la gesi asilia. Likiandikwa LP au Propane, ni la mtungi. Likiwa ni la NG na hukuletewa jeti nyingine za kubadilisha, liache. Hata likiwa jipya na zuri, liache.

JAMBO LA PILI: PRESHA

Hili ndilo jambo kubwa, na ndilo halionekani kwa macho.

Kwenye joto la digrii 25, propani iliyo ndani ya mtungi inasukuma kwa nguvu zaidi ya mara 8 ya hewa tunayovuta. Butani inasukuma zaidi kidogo ya mara 2. Jiko la nyumbani haliwezi kupokea nguvu hiyo. Linataka presha ndogo sana, kama ya maji yaliyosimama kimo cha sentimita 30, yaani kama ndoo isiyojaa. Kazi ya kuipunguza nguvu hiyo inafanywa na kifaa kidogo kinachokaa kwenye mdomo wa mtungi. Kinaitwa regulata. Waliosoma Kifaransa wanakiita detanderi.

Presha ya jiko inaandikwa kwenye kibati kwa kipimo cha milibari, kwa kifupi mbar. Shikeni namba hizi:

1. Majiko ya Ufaransa na Ubelgiji huandikwa 28-30/37. Maana yake ni 28 hadi 30 kwa butani, na 37 kwa propani.
2. Uingereza ni vilevile: 28 kwa butani, 37 kwa propani.
3. Majiko ya mtungi ya Marekani na Kanada hupimwa kwa inchi za maji. Yanaandikwa inchi 11. Hiyo ni kama milibari 27 au 28.
4. Majiko mengi ya Ujerumani huandikwa 50.

Sasa soma regulata ya dukani kabla ya kulipa. Regulata za nyumbani zinazouzwa kwetu nyingi hutoa 28 hadi 30. Kwa hiyo jiko la Ubelgiji au Ufaransa linapatana nazo. Jiko la mtungi la Marekani pia linapatana, ijapokuwa kiungo chake ni cha ajabu. Lakini jiko la 50 ukiliwekea regulata ya 30, moto utakuwa dhaifu. Na jiko la 30 ukiliwekea regulata ya 50, gesi itazidi kwa zaidi ya robo: moto utaruka juu ya matundu, utanguruma, na utatoa sumu.

Kuna regulata nyingine yenye kishikio cha kuzungusha ili kuongeza nguvu. Ni ya majiko makubwa ya mahoteli na ya kupikia pombe. Usiiweke kwenye jiko la nyumbani hata kama imeuzwa kwa bei nafuu.

JAMBO LA TATU: KIUNGO

Kila nchi ina midomo yake ya mitungi. Kenya wenyewe waliteswa na jambo hili. Zamani kila kampuni ilikuwa na valvu yake, na mwenye mtungi wa kampuni moja hakuweza kutumia regulata ya kampuni nyingine. Mwaka 2009 serikali ilitoa kanuni za kulazimisha valvu ya aina moja. Sisi tunaopokea mitungi na majiko kutoka pande mbalimbali tusitegemee kwamba vitaingiana.

Kanuni ni hii: REGULATA NI YA MTUNGI, SI YA JIKO. Usijaribu kuifanya regulata ya kigeni iingie kwenye mtungi wa hapa. Itoe. Nunua regulata inayotoka kwa muuzaji uleule wa mtungi wako, iingie vizuri na ijifunge yenyewe. Nunua pia mpira mpya wa gesi wenye maandishi ubavuni, pamoja na vibano viwili vya chuma. Kazi iliyobaki ni kuunganisha mpira huo na mlango wa gesi wa jiko.

Nitawapa mfano mmoja. Mama mmoja anayeuza burusheti Muyinga alitumiwa na mpwa wake wa Marekani jiko la kuchomea nyama lenye vichomeo vitatu. Jiko lilikuja na mpira mweusi, regulata ya duara, na mwishoni nati kubwa ya plastiki ya kufunga kwa mkono. Nati ile imetengenezwa kwa mtungi wa Marekani tu. Fundi wa kwanza alitaka kuikata na kuuchomeka mpira kwenye mtungi moja kwa moja. Angefanya hivyo, angeitoa regulata, na nguvu yote ya mtungi ingeingia jikoni. Fundi wa pili alitaka kuchomelea kipande cha bomba.

Tulisoma kibati: LP, inchi 11. Aina ya gesi ni sawa, presha ni sawa. Tukafungua mpira wa Kimarekani wote pamoja na regulata yake. Kwenye jiko likabaki bomba lenye meno ya nje, na mdomo wake umechongwa kama koni. Meno ya Marekani hayalingani na meno ya vifaa vya Ulaya na vya hapa. Nati ya hapa iliingia mizunguko miwili ikakwama. Tukaacha. Mama akampigia mpwa wake simu. Kijana alituma kwa mgeni kipande kidogo cha shaba chenye nati ya Kimarekani upande mmoja na chuchu ya kuingiza mpira upande wa pili. Kinatosha mfukoni. Mama alingoja wiki nyingi, na kungoja kuna hasara kwa mfanyabiashara. Lakini kilipofika, kazi ilikuwa ya nusu saa.

Angalieni pia kwamba viungo vya namna hiyo hujifunga kwa koni, chuma kwa chuma. Utepe mweupe wa mabomba ya maji hausaidii hapo. Kiungo kikivuja baada ya kukazwa, ni kibovu au si chake. Na viungo vingine vya gesi, hasa vya mitungi ya propani, vina meno ya kushoto: vinafungwa kwa kuzungusha kinyume na nati za kawaida. Wengi huviharibu kwa kukaza upande usio wake.

KUJARIBU KAMA GESI INAVUJA

Kila mara unapounga, fanya hivi:

1. Weka jiko na mtungi nje, mbali na moto wowote. Mtungi usimame wima.
2. Funga vitasa vyote vya jiko. Fungua mtungi.
3. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na kwenye mpira wote.
4. Mapovu yakivimba, gesi inavuja. Funga mtungi, rekebisha, jaribu tena.
5. Usijaribu kwa kiberiti. Anayetafuta gesi kwa kiberiti huipata mara moja tu.

Washa mahali penye hewa. Moto mzuri ni wa buluu na umetulia. Sisi tunaishi juu, Gitega na Muyinga zote ziko mita 1,500 au zaidi, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Jiko lililotengenezwa kwa nchi za chini linaweza kutoa ncha za manjano. Kwenye shingo ya kichomeo mara nyingi kuna kidirisha cha hewa. Kifungue kidogo mpaka moto uwe wa buluu.

HESABU KABLA YA KUNUNUA MTUNGI

Hapa nazungumza na wafanyabiashara. Jiko la kuchomea nyama linakula gesi. Kwenye kibati chake kuna namba ya BTU. Igawanye kwa 45,000, utapata karibu kilo za gesi kwa saa moja. Jiko la yule mama lilikuwa la BTU 36,000. Likiwaka lote linakula kama gramu 800 kwa saa. Mtungi wa kilo 6 hautafikisha saa 8. Tena mtungi mdogo ukitolewa gesi kwa kasi hiyo unapoa, unatoka jasho, na moto unashuka kabla gesi haijaisha. Watu husema nimeuziwa mtungi mtupu, kumbe ni baridi.

Akiwasha kichomeo kimoja tu, mtungi uleule unakwenda saa 22 hivi. Sasa mama anawasha kimoja siku za kawaida, viwili siku ya soko. Kila mmoja apige hesabu yake: bei ya kilo ya gesi, bei ya gunia la makaa, na nyama anayouza. Kama gesi haileti faida, si aibu kuliuza jiko au kubaki na makaa.

MASWALI NA MAJIBU

Baba mmoja aliuliza: "Ndugu yangu anataka kutuma na mtungi wenyewe. Nimkubalie?"

Hapana. Mtungi wa gesi hauruhusiwi kwenye ndege ya abiria. Na ukija kwa kontena, wauzaji wa hapa hawabadilishani nao wala hawana kifaa cha kuujaza. Mwambie atume picha ya kibati kwanza, kabla ya kulipia usafiri. Kibati kikisema NG, asitume jiko. Kikisema LP, atume jiko pamoja na kile kipande cha shaba na jeti za akiba.

Kijana mmoja aliuliza: "Naona watu wanapindua mtungi mkubwa na kujaza mdogo. Kuna ubaya?"

Ni kosa kubwa. Mtungi haujazwi zaidi ya kama asilimia 80, kwa sababu gesi iliyo maji inavimba ikipata joto na inahitaji nafasi. Anayejaza kwa kupindua hawezi kujua kiasi. Mtungi uliojaa kabisa ukiachwa juani unaweza kupasuka.

Mama mmoja aliuliza: "Naweza kuweka jiko ndani, karibu na ninapolala na watoto?"

Mama, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inashuka na kukaa sakafuni, kwenye mashimo, mahali ambapo watoto wamelala kwenye mkeka. Imetiwa harufu mbaya kwa makusudi ili tuitambue, lakini aliyelala hasikii harufu. Pika nje au kwenye kibanda kilicho wazi chini na juu. Usiku funga mtungi wenyewe, siyo kitasa cha jiko peke yake.

Swali: "Nikisikia harufu, nifanye nini?"

Usiwashe kitu wala usizime kitu, hata taa au simu. Funga mtungi. Toa watoto nje. Fungua mlango na dirisha. Zima moto wa jirani. Mwite kiongozi wa bloku. Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha mpelekeni zahanati. Msimpake dawa ya meno, mafuta wala majivu.

Swali: "Na kama jiko langu haliwezi kuungwa kabisa?"

Kama mwili wake ni wa chuma kizito, toa vichomeo, mpira na vitasa vyote, weka makaa kwenye sinia la chuma ndani yake, na uchome nyama nje. Kama mwili ni wa alumini nyembamba usifanye hivyo, hauvumilii makaa. Uza vyuma vyake, ununue mbabula nzuri.

MANENO YA KUKUMBUKA

Soma kibati kwanza. Aina ya gesi, presha, kisha kiungo.

Regulata ni ya mtungi wa hapa. Usiunge jiko bila regulata.

Nati ikikwama, acha. Usichomelee, usifunge kwa waya, usiyeyushe nailoni.

Jaribu kwa povu la sabuni, nje, kila mara.

Kabla ya kumpa fundi pesa, mwulize: jiko hili ni la presha gani? Asipoweza kukuonyesha kwenye kibati, mpeleke jiko lako kwa mwingine. Kuuliza hakulipiwi.